Soya Iliyogoma Kuota

Mwajabu alizichemsha mbegu za serikali mpaka zikalainika, akazianika kwenye ungo, na kesho yake asubuhi akaenda kuzipanda.

Alipanda kwa hasira. Kila shimo alilichimba huku anasonya.

Bwana Shamba, kijana wa Bukoba aitwaye Gozbert, alikuwa ameshakuja Chanika mara tatu kuinadi soya yake. Adabu alikuwa nayo, hilo hakuna aliyemnyima. Mbele ya nyumba ya jumbe aliinjika chungu, akakaanga soya, akaitwanga mwenyewe, mwanamume mzima, akawapikia watoto uji. Watoto wakaramba vikombe. Alisema kila mama apande kijishamba tu, asage unga wake nyumbani, na watoto watanawiri. Kisha akaongeza kwamba soya ikistawi, wakubwa watakuja kuona ardhi ya Chanika ilivyo nzuri.

Hapo ndipo damu ilipomchemka Mwajabu.

Wakubwa waliwahi kuja kuiona ardhi nzuri ya baba yake kule Mbweni. Waliusifu muhogo wake, wakaandika, wakaenda zao. Mwaka uliofuata pakapandwa mkonge, na mzee akafa akiwa kibarua kwenye shamba lake mwenyewe. Mwajabu hakuwa tayari kunyang'anywa mara ya pili. Shamba hili la Chanika ndilo lililomlisha yeye na wajukuu wanne tangu afiwe na mumewe, na mumewe alizikwa humo humo.

Alipita nyumba kwa nyumba. Wanawake wenziwe hawakuhitaji maneno mengi. Hata Mwanakombo, jirani yake, ambaye mjukuu wake aliulilia uji ule siku mbili, alibandika chungu akachemsha mbegu zake zote.

Wiki ya tatu Gozbert akaja kukagua. Alizunguka mashamba ishirini asione hata jani moja. Kwenye shamba la Mwajabu alipiga magoti, akapapasa udongo. Mwajabu alimtazama kwa raha ambayo wala hakujisumbua kuificha.

"Mama, mlipanda kweli?"

"Tulipanda, Bwana Shamba, na mashimo unayaona. Ardhi yetu ndiyo mbovu. Mchanga mtupu huu. Andika hivyo hivyo."

Hakuandika. Alimsihi wajaribu tena, akaahidi kuleta mbegu nyingine kesho yake, hata kulima atalima yeye. Mwajabu akamwambia mgongo wake si wa kuchezewa na serikali. Kijana yule, mpole siku zote, akapandisha sauti kwa mara ya kwanza, akasema nyie wanawake hamjui mnalolifanya, akapanda baiskeli yake bila kuaga. Mwajabu alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu Gozbert alirudi. Safari hii alifuatana na Mzungu, wapimaji wawili na mzigo wa vigingi. Mwajabu alipoviona vigingi alichukua panga, akasimama katikati ya njia, na wanawake wengine wakajipanga nyuma yake. Aliuliza kwa ukali wanatafuta nini kwenye ardhi isiyootesha kitu. Mzungu alimnyooshea kidole Gozbert ajibu yeye.

Gozbert alikuwa na macho mekundu.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mwajabu hakuitikia.

"Kuna kampuni inataka mchanga wa kujengea mjini. Wakubwa walishaandika zamani kwamba huku hakuoti kitu, watu wahamishwe, pachimbwe. Mie nikawabishia. Wakanipa mwezi mmoja tu, wakanikataza nisiwaambie nyie: soya ikiota, mashamba yabaki yenu."