Mtaro Usiorukika

Yule mtu mwenye kichwa kikubwa alitumbukia mtaroni kwa mara ya kumi na nne.

"Andika," mzee alisema, macho hayabanduki kwenye televisheni. "Mchezo huu unagawiwa bure, na bado nahisi nimepunjwa."

Mwanamke aliyeketi kando yake aliweka chini shati alilokuwa akilishonea kifungo, akachukua daftari, akaandika.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani, zile za kibodi nene inayochomekwa kwenye televisheni na kusoma michezo kutoka kwenye kanda ya kaseti. Enzi zake mzee alikuwa fundi redio, na kila mwezi aliandika katika kijarida kimoja maoni ya kuchekesha juu ya michezo ambayo watu walijitengenezea nyumbani na kuigawa bila malipo. Wasomaji walivunjika mbavu. Watengenezaji walinuna. Lakini hata walionuna walimheshimu kwa jambo moja: hakuwahi kutoa hukumu juu ya mchezo asioufikisha mwisho.

Huu alikuwa hajaufikisha. Na saa nane gari lingekuja kumpeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Sanduku lake dogo lilikuwa tayari mlangoni.

Mwanamke alitazama saa ya ukutani. Saba na robo. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya gari hilo: mzee auone mwisho wa mchezo huu, japo mara moja. Alikuwa ameliombea jambo hilo kila alfajiri, miezi sasa, na Mungu alikuwa kimya.

"Shujaa anatembea kama aliyevaa viatu vya mdogo wake," mzee aliendelea. "Rangi ziko mbili, nyeusi na kasoro. Muziki ni nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Umemwandika nyuki?"

"Nimemwandika, mzee."

"Yule mbwa nilidhani ni kiti. Alipobweka nikamwomba radhi."

Mwanamke alicheka mpaka akajifuta macho kwa kiganja. Mzee alifurahi.

"Wewe dada unajua kucheka. Nani kakuleta hapa?"

"Nilikuja mwenyewe."

"Umefanya vizuri. Nyumba hii imepooza." Aliisogelea televisheni, akakunja uso. "Na kule dirishani yuko mwanamke ameshika ama cherehani ama mbuzi. Hebu niambie kweli, ni wewe uliyetengeneza uchafu huu?"

"Si mimi. Ila namfahamu aliyetengeneza."

"Basi mpe pole."

Kichwa kikubwa kikakimbia, kikaruka, kikatumbukia. Mara ya kumi na tano.

"Haurukiki huu!" Mzee aliisukuma kibodi. "Zima. Niletee mwingine, wenye akili."

Siku nyingine zote mwanamke angezima bila neno, maana alitaka mzee aigundue njia mwenyewe. Lakini saa ilikuwa nane kasoro dakika ishirini.

"Usiruke," alisema. "Simama pale ukingoni."

"Nisimame nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Ngoja tu."

"Mchezo wa kungoja! Kungoja si ninangoja kila siku, tena bila kutumia umeme?"

Hata hivyo aliondoa mikono. Kichwa kikubwa kilisimama ukingoni mwa mtaro. Kiti kilibweka. Dakika nzima ikapita, mwanamke akiihesabu kimoyomoyo. Kisha yule wa dirishani aliinua uso, akaiacha cherehani yake, akatoka nje na kulaza ubao juu ya mtaro.

"Alaa!" mzee alinong'ona.

Kichwa kikubwa kilivuka. Kilipofika kwenye mlango wa mwanamke huyo, vidole vya mzee vilishuka vyenyewe kwenye vitufe viwili vya pembeni, vile ambavyo hakuna aliyemwonyesha, na mlango ukafunguka. Mwanamke aliviona vidole hivyo.

Televisheni iliingia giza. Herufi zikaanza kutokea, moja baada ya moja: NIMEFIKA MLANGONI KWAKO. KWA MDOMO NAOGOPA. UTAKUBALI TUOANE?

Mzee alisoma, akasoma tena. Akamgeukia mwanamke na kumtazama usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayekumbuka alikoiweka miwani yake. Mwanamke hakuthubutu hata kupepesa.

"Andika," mzee alisema hatimaye.

Mwanamke akaichukua kalamu.

"Mwoga wa kutupwa. Kachimba mtaro, kafuga mbwa, kamfungia nyuki wa watu ndani ya kopo, yote hayo ili asifungue mdomo. Alama mbili kati ya kumi, na zote mbili ni za mbwa." Aliitazama tena televisheni. "Hivi yule msichana alimkubali kweli?"

"Alimkubali."

"Maskini," mzee alisema, na alisema kwa huruma ya dhati.

Mwanamke aliliandika na hilo. Nje honi ililia mara moja. Alifunga daftari, akakata uzi wa kifungo kwa meno, akalikunja shati na kulitia sandukuni juu ya mengine.

Mlango ulifunguliwa. Mwanamke kijana mwenye funguo za gari mkononi aliingia, akaitazama televisheni, mabega yakamshuka.

"Jamani, mama," alisema, "hata leo umemwekea baba ule mchezo aliokuposea?"

Mzee aliinuka kwa adabu, akampisha mgeni kiti.