Mlango Unaodai Radhi

Mlango wa Daktari Sekela ulisoma damu yake kwenye kitasa, ukagoma kufunguka. Sheria ilimtaka kila daktari aliyeambukizwa homa ya ini B aiombe familia yake radhi kwa uzembe ndipo aingie.

"Sema tu, Mama Tuli," mumewe alimsihi kutoka ndani. "Ni neno moja. Mtoto analilia ziwa."

Sekela alikitazama kidole kilichochomwa na sindano alipokuwa akimshona majeruhi katika chumba cha dharura. Mara tatu aliomba chanjo, na mara tatu akajibiwa kuwa ni ya madaktari wa kudumu, si wa mkataba kama yeye.

"Nipitishie mtoto dirishani," alisema, akaketi kibarazani na kufungua vifungo. "Wenye kosa ni walioninyima chanjo, nao wamechanjwa. Mimi radhi siombi."