Mgonjwa wa Mazoezi

Nikutegee: jioni yuko taabani, asubuhi anatwanga mpunga. Umeshindwa? Nipe mji basi. Ni Bi Tatu, mgonjwa wa mazoezi.

Binti yake, Daktari Siwema, alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuruhusiwa kutibu ng'ambo. Huko daktari hupimwa kwa wagonjwa wa kuigiza, dakika nane kila mmoja, na ole wake akisahau kuwauliza wanahofia nini. Basi kila jioni Bi Tatu alijilaza mkekani na kuazima ugonjwa wa jirani.

"Leo unaumwa nini, bibi?" Siwema aliuliza, akiitega saa ya kengele.

"Mgongo, kama wa Bi Chausiku. Ila mimi sipigi mayowe kama yeye."

"Mama! Mgonjwa hasengenyi watu."

"Kwani wa huko hawana majirani?"

Siwema akacheka, akaanza kumpapasa mgongo taratibu. Kesho angesafiri kwenda kuufanya huo mtihani. Bi Tatu akatamani mgongo wake uwe mrefu kama barabara, mikono ile isifike mwisho.

"Na katika maumivu haya, unahofia nini zaidi?"

Jioni zote alikuwa akilijibu swali hilo kwa mzaha. Leo aliuficha uso mkekani. Dakika zikaisha, kengele ikalia, na Siwema hakuizima.

"Mama? Unahofia nini?"

Bi Tatu akageuka, akakishika kiganja cha binti yake kwa mikono miwili.

"Nahofia utafaulu, mwanangu."