Mshale wa Chini Mara Nne

Tangu kompyuta za mahakama zibadilishiwe mfumo, hukumu tatu alizochapa Mzee Shadhili hazikujulikana zilikokwenda. Karani mkuu alimfokea mbele ya watu, kisha akamwita fundi.

Fundi huyo, binti aitwaye Zuwena, alizikuta zote kwenye folda nyingine.

"Kidirisha cha kuhifadhi faili sasa kinafungukia pengine, mzee. Chagua tu folda yako."

"Kirudishe kilivyokuwa, mwanangu. Nilikuwa nabonyeza mshale wa chini mara nne, basi."

"Lakini majina si yameandikwa hapo? Nisomee la kwanza."

Mzee Shadhili aliukodolea macho ukungu mweupe uliokuwa mbele yake. Kwa miaka miwili alikuwa akichapa kwa kusikiliza sauti ya hakimu kwenye kinasa na kuhesabu vitufe, na hakuna aliyejua, hata mkewe. Vidole vyake vikaanza kupapasa vitufe.

Zuwena aliinuka akafunga mlango. Alirudi akapanga upya kidirisha hadi folda ya hukumu ikawa ya nne, kisha akauweka mkono wa mzee juu ya mshale.

"Jaribu."

Akabonyeza mara nne. Hukumu ikaenda mahali pake.

"Ahsante, mwanangu. Tafadhali, usi..."

"Karani mkuu amenipa fomu," Zuwena alisema kwa sauti ya chini. "Anataka niandike chanzo cha tatizo."

Mzee Shadhili aliisikia kalamu ikianza kukwaruza karatasi, ikasita, kisha ikaendelea.