Baba Mdogo wa Elfu Thelathini

Mzee Mbonile alikosea jina la marehemu kaka yake kwa mara ya tatu, na wageni walikuwa wameshapiga simu kwamba wamepita Nanyala.

"Sebastian," Witness alimrekebisha. "Baba yangu ni Sebastian. Huyo Boazi ametoka wapi tena, baba mdogo?"

"Boazi alikuwa kaka yangu wa Jumamosi iliyopita," mzee alijibu, akaiweka tai yake sawa. "Usihofu, mwanangu. Wakifika ulimi utakaa sawa."

Huyo Sebastian hakuna aliyepata kumwona. Witness alilichagua jina mwenyewe, kwa kuwa lilimfanya afikirie mtu aliyejenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Yeye aliokotwa stendi ya Tunduma akiwa mchanga, akalelewa kituo cha watoto hadi alipofikisha miaka kumi na minane. Siku hiyo alipewa godoro na sufuria mbili, akaambiwa sasa amekuwa mtu mzima.

Kwa bahati yake, lilikuja shirika na posho: laki moja na nusu kila mwezi, kwa simu, miaka miwili, kwa vijana waliotoka vituo vyote vya mkoa. Masharti hakuna. Dada Erica wa shirika alisema wazi kwamba kijana anajua mwenyewe kinachompungukia. Wenzake wakanunua cherehani, wengine kuku wa mayai. Witness alijitazama, akaona kinachompungukia ni watu. Kwenye fomu, palipoulizwa fedha imetumika kwa nini, aliandika "familia". Dada Erica alifurahi sana, akamtoa kama mfano kwa wenzake.

Si kwamba alizaliwa mwongo. Alimpenda Lwitiko, kijana mpole anayehangaikia karatasi za malori pale mpakani, na siku ya pili tu ya kuonana kijana alimuuliza kwao ni wapi. Ulimi hauna mfupa: akasema kwao Iyula, kwa baba mdogo. Lwitiko akapanga upya karatasi zake mkononi, kisha akasema kwao ni Ileje, na kwamba baba yake mkubwa ni mkali, hataki hata kusikia habari za binti asiye na wazee. Tangu hapo Witness hakulala vizuri. Aliijua sauti ya watu wanapotamka "wa kituoni", jinsi wanavyoishusha kama wanataja ugonjwa. Lwitiko akilisikia neno hilo, basi tena, na Witness hakuwa na mtu mwingine duniani.

Ndipo akampata Mzee Mbonile, mlinzi wa malori kwenye foleni ya mpaka, mwenye koti moja zuri na maneno mengi. Bei yake elfu thelathini, nusu mkononi, nusu posho ikiingia. Tabita, muuza viazi wa stendi, akawa shangazi, na nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe kule Iyula, katikati ya mibuni, ikawa nyumbani. Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Ya kukodi nayo ina uzito wake, hasa mwisho wa mwezi.

Saa nne Noah ya wageni ikaingia uani. Witness alibaki chumbani, sikio kwenye pazia.

Baba mkubwa wa Lwitiko aliitwa Yonasi, na alikuwa mkali kweli. Alikataa kiti mpaka alipobembelezwa. Aliuliza ukoo, akauliza Sebastian alizikwa wapi. Mzee Mbonile hakutetereka. Alimlilia Sebastian kwa leso, kisha, utamu wa kazi ukamzidi, akadai ng'ombe sita na blanketi la bibi.

Witness alishika kichwa. Bibi hawakumkodi.

"Bibi mwenyewe yuko wapi, tumsalimie?" Yonasi aliuliza.

"Amevuka mpaka kwenda Nakonde, kumwona dada yake."

Yonasi alitikisa kichwa polepole. "Hata mama yetu naye yuko Nakonde," alisema, na hakuuliza zaidi.

Wakavutana mpaka ng'ombe wanne, watakaotolewa kidogo kidogo, Mungu akijalia. Kisha Witness akaitwa. Alitoka na kitenge kichwani, akapiga magoti kwenye mkeka. Lwitiko alikuwa karibu na mlango, jasho likimtiririka katika baridi ile ya Iyula.

"Binti yetu," Mzee Mbonile alisema, "wageni hawa unawafahamu? Tuwapokee, au tuwaambie wamepotea njia?"

Binti yetu. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo mbele za watu. Witness alijua kabisa neno lile limegharimu kiasi gani, lakini machozi yakamtoka.

"Nawafahamu," alisema. "Wapokeeni, baba mdogo."

Tabita akapiga vigelegele. Shangazi wa upande wa pili akamjibu kwa vigelegele vikali zaidi. Lwitiko akajifuta uso kwa mikono miwili, akacheka kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi, na Witness akaona kwamba yamekwisha, amekuwa mtu wa watu.

Hapo simu yake ikalia mlio mfupi wa ujumbe. Ya Lwitiko nayo ikalia palepale.

Mzee Mbonile alimwinamia Witness sikioni. "Imeingia?"

Kabla hajajibu, aliisikia sauti ya Yonasi upande wa pili wa mkeka, naye ameinama kwa Lwitiko.

"Kama imeingia, kijana, tumalizane. Mimi na shangazi yako tuna posa nyingine Vwawa saa tisa."