Mwiko wa Pili

Tangu baiskeli za mashindano zianze kuonja jasho la mwendeshaji na kutangaza alichokula, mama yangu hana siri jikoni.

"Viazi vitamu na karanga. Vizuri sana," baiskeli yangu ilisema jioni ile nilipoiegemeza ukutani, nikitoka mazoezini. "Maji hayakutosha."

"Baba Milembe, umesikia?" mama akamwita baba kwa jina langu. "Imesifia viazi vyangu."

"Mimi nimevisifia miaka yote," baba alijibu. "Kosa langu sina magurudumu."

Tulicheka wote. Mbio zilikuwa Jumapili, na kwa mara ya kwanza niliamini ningeweza kushinda. Kilima kilichokuwa kikinishusha nikokote baiskeli, sasa nakipanda nikiwa nimekaa.

Mama akapakua ugali wa mtama na mlenda, nikala nikamaliza. Kwetu hakuna aliyewahi kushiba kwa kusema tu. Ukisema umeshiba, mama anakuongezea mwiko wa pili, akidai kwamba wewe una aibu kuliko tumbo lako. Kwa hiyo sijawahi kujifunza kuomba chakula.

"Nimeshiba, mama," nikasema kama kawaida, huku njaa ikiniuma, nikamsogezea sahani.

Mama akachota ugali, mwiko ukasimama hewani. Akageuka ukutani.

"Eti kweli ameshiba?"

"Ameshiba," baiskeli ikajibu, ikitegemea jasho la mazoezini.

"Haya, Mungu ashukuriwe," mama akasema kwa furaha, akaurudisha ugali na kufunika sufuria.

Sahani yangu ilikuwa bado mkononi.