Kifundo cha Kishada

Kifundo kilikuwa kimevimba tena, upande uleule wa nje, na daktari wa miguu alikiona tangu mlangoni, kabla msichana hajaketi. Wiki iliyopita alikiacha kikiwa karibu kupona kabisa. Hasira zikampanda daktari, mama wa watu.

Msichana alikuwa mkimbiaji, amerudishwa nyumbani kutoka kambi ya mazoezi ili atibiwe. Wenzake walimwita Kishada, kwa kuwa akikimbia ungedhani upepo ndio unaombeba. Miaka kumi na tisa, maneno machache, na mguu wa kushoto ulioharibika kila ulipokaribia kupona. Safari hii palikuwa na mchubuko pia, juu kidogo ya kifundo. Daktari aliuliza ameumiaje. Kishada akasema ameteleza, akatazama sakafu.

Baba yake alisimama pembeni, pande la mtu, mikono nyuma. Hakuketi. Aliuliza jambo moja tu, lile aliloliuliza kila alipokuja: mwanawe atapona lini?

Daktari aliwajua akina baba wa namna hiyo. Mtoto akishinda, wameshinda wao. Akiumia, wanahesabu siku. Akampa yake bila kuyapaka asali: binti anakimbizwa alfajiri kabla kano hazijashikana, na anayemkimbiza yumo humu humu chumbani. Mzee akajibu kwa sauti ya chini kwamba binti hajakimbia hata hatua moja. Geti hulifunga mwenyewe, na ufunguo analala nao.

"Kesho niletee raba zake," daktari akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Mdomo wa mgonjwa aliuamini nusu, soli aliiamini yote. Soli ilimwambia nani anakanyagia kisigino, nani anaburuta mguu, nani kadanganya kwamba alipumzika. Katika miaka yote ya kazi, soli haikuwahi kumwongopea, na kwa hilo alikuwa na kiburi kidogo, tusifichane.

Raba zililetwa. Soli zilikuwa safi, meno yote yamesimama, hata vumbi la njiani hazikuwa nalo. Daktari akazigeuzageuza, akacheka kicheko kikavu. Mzee amenunua pea mpya ili amfumbe macho! Mjanja kweli, lakini njia ya mwongo ni fupi.

Siku hiyohiyo akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mgonjwa yeyote. Alimpa Kishada chumba cha nyuma ya kliniki, kile cha wagonjwa wanaotoka mbali, akamkataza baba kukanyaga pale mpaka atakapoitwa. Mzee alisimama mlangoni kitambo, macho mekundu, kama mwenye neno. Kisha akaondoka bila kulisema. Daktari alimwogopa, ndiyo maana alifunga mlango kwa komeo.

Kishada alilia. "Usilie, mwanangu," daktari akamwambia, akimfunga bandeji. "Humu hakuna wa kukukimbiza. Mguu huu nitauponya, watake wasitake."

Msichana akauliza, kwa sauti ndogo, kama kuna mguu uliowahi kumshinda. Daktari akacheka, akamwambia mguu huo bado haujazaliwa.

Na kweli, ulitii. Uvimbe ukashuka, rangi ikarudi, Kishada akaanza kusimama kwa mguu mmoja juu ya taulo lililokunjwa bila kushika ukuta. Hapo ndipo kocha wa kambi alipokuja, mtu wa bashasha, mfuko wa matunda mkononi. Alimwita daktari "dada yangu," akamwambia ana mikono ya baraka. Kambini, alisema, pengo la Kishada halizibiki. Atakuja kumchukua Jumatatu, na safari hii hatamruhusu tena kwenda nyumbani.

Daktari alipumua. Akiwa mikononi mwa huyu, yule baba hatamfikia tena. Wakapeana mikono. Akamwacha kocha ofisini na glasi ya maji, akaenda chumba cha nyuma kumpa mgonjwa wake habari njema.

Kitanda kilikuwa kitupu. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na bandeji aliyoifunga asubuhi ilikuwa kizingitini, imekunjwa vizuri. Kutoka nje ukasikika mshindo mzito. Kimya. Halafu mwingine.

Ni yule mzee, daktari akawaza. Amepanda ukuta, amemfuata mwanawe hadi huku. Akatoka mbio.

Uani hapakuwa na mzee. Kishada alikuwa amekaa chini peke yake, mguu wa kushoto ameulaza juu ya ukingo wa saruji, tofali mikononi, jasho likimtiririka. Hakushtuka kuonekana. Alimtazama daktari kama mtu aliyeletewa msaada.

"Kocha bado yupo?" akanong'ona. "Daktari, wewe unaujua mguu huu kuliko mimi. Nionyeshe pa kupiga, usipone tena."